Nguo za Mtu Aliye Hai

Peris alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Alipopata kazi ya uuguzi Ujerumani hakulia wala hakufanya sherehe. Alinunua mifuko ya takataka. Alikuwa ametazama video za mama mmoja Mzungu anayefundisha watu kuachana na vitu. Mama huyo alisema shika kila kitu mkononi, jiulize kama unakihitaji, kisha usigeuke nyuma. Peris alishika na hakugeuka. Meko ya gesi ikaenda kwa Lorna wa mlango wa pili, makochi yakaenda kwa fundi wa viatu, na pazia akachukua mtu ambaye hata dirisha la maana hakuwa nalo. Majirani zake wa mtaa wa Matisi walibeba kila kitu wakashukuru, na Lorna akarudi kuuliza kama na jagi linaondoka.

Kilibaki kitu kimoja. Mama yake, Nabwile, aliyeishi nyumbani kwao nje kidogo ya Malakisi, hakuwa amesema neno juu ya safari hiyo. Kila Peris alipopiga simu, mama alizungumzia mahindi. Visa ilipotoka, mama alisema mahindi yameingiwa na viwavi. Na Peris, pamoja na ukavu wake wote, hakutaka kupanda ndege kabla mama yake hajamwambia kwa kinywa chake aende. Alilitaka neno hilo kuliko tiketi.

Basi akapanga kumaliza yote mawili kwa safari moja. Nguo na viatu angewapelekea watu wa nyumbani, wangefurahi, na katikati ya furaha hiyo mama angesema neno. Akakodi pikapu ya Kipkorir wa Kibomet, akapakia. Miguuni alivaa malapa yake ya bluu, ambayo mkanda mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya. Alikusudia kuyatupa jioni hiyo hiyo.

Walimkuta mama ndani akichambua maharagwe. Wakasalimiana, wakazungumzia mahindi. Kisha Peris akatoka mbele ya nyumba, akatandika mkeka mkubwa, akaanza kupanga: magauni upande huu, sweta upande ule, viatu kwa safu, mikoba mwisho. Alipanga vizuri hata akajipongeza. Akamtuma Phelista, mke wa kaka yake, awaite mashangazi na majirani, kila mtu aje achague anachotaka.

Walikuja mbio, kama mtu yeyote aliyesikia kuna vitu vya bure. Wakazunguka kona ya jikoni, wakauona mkeka, wakasimama. Hakuna aliyesogea. Mmoja alifunga leso yake upya. Mwingine aliweka mkono kichwani. Kule kwenye pikapu, Kipkorir, ambaye hakujua lolote, alizitazama nyuso zao akavua kofia.

"Si mkuje mchague," Peris alisema. "Hiyo koti ya brown ni mpya kabisa."

Phelista akamsogelea taratibu. "Dada, hii kitu umefanya si mzuri."

"Si mzuri aje?"

"Hapa kwetu nguo ya mtu ikipangwa kwa mkeka, watu wakaitwa wachague, huyo mtu tumemzika. Si unakumbuka za mzee?"

Alikumbuka. Baba yao alipozikwa, siku wafiwa waliponyolewa nywele, mkeka huo huo ulitandikwa mahali hapo hapo, na mashati yake yakagawiwa. Peris mwenyewe ndiye aliyeyapanga. Aliyapanga vizuri pia. Akageukia nyumba, na mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo wa maharagwe mkononi. Mama aliutazama mkeka, akarudi ndani, akafunga mlango. Peris alisikia komeo.

Aliinama kukusanya nguo zake.

"Usiguse," alisema Shangazi Nangila, dada wa marehemu baba yao, ambaye hakuna jambo la ukoo lililomalizika bila yeye. "Hizo zishakuwa kwa mkeka. Marehemu hakusanyangi nguo zake."

"Senge," alisema Peris, akimwita shangazi kwa lugha ya nyumbani, "mimi si marehemu."

"Mimi naona. Mkeka haijui."

Shangazi alifikiri kidogo, akatoa uamuzi. "Vaa."

"Nivae nini?"

"Zote. Mwenye nguo akivaa, nani atasema amekufa? Ukimaliza utatoa moja moja, upatie mtu kwa mkono. Hiyo sasa ni zawadi."

Mila hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Shangazi alikuwa ameitunga hapo hapo, lakini aliitamka kwa uso wa mtu aliyeachiwa jambo hilo na babu zake, na wote wakatikisa vichwa kwamba ndivyo ilivyo.

Peris akavaa. Gauni juu ya gauni, sketi ya kanisani juu ya suruali ya mazoezi ambayo haikuwahi kuona mazoezi, sweta juu ya sweta, koti juu ya yote, mikoba begani. Mikono ikakataa kushuka. Jua lilikuwa la saa saba. Shangazi akamwongoza kuizunguka nyumba, watu wakifuata nyuma kwa heshima. Hakuna aliyecheka isipokuwa Kipkorir, na yeye aliingiza kichwa chini ya usukani.

Chini ya dirisha la chumba cha mama, Shangazi akagonga. "Nabwile, toka uone mtoto wako. Ako hai, na anatoka jasho."

Mlango haukufunguliwa. Peris akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu barua ya kazi ifike. Aliogopa kwamba ataondoka na mlango huu ukiwa umefungwa.

"Mama," alisema, "sijakufa. Naenda kazi tu. Kama hutaki niende, sema hutaki. Lakini usiniambie tena mambo ya mahindi."

Komeo likalia. Mama akatoka, akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Toa hiyo koti, utaanguka," alisema, na akaanza kumfungua vifungo mwenyewe.

Nguo zikagawiwa kwa mkono. Phelista alipata koti. Kila aliyepokea alishukuru kwa sauti na kumtaja Peris kwa jina, ili kusiwe na shaka. Mwisho likabaki gauni la kijani, zuri kuliko yote, na Peris akamnyooshea mama yake.

"Hapana," mama alisema. "Nguo za baba yako nilichukua. Zako sitachukua." Akaangalia chini. "Toa hizo malapa."

"Mama, hizi zimeisha. Nilikuwa natupa."

"Toa."

Peris akayavua. Mama akayapangusa vumbi kwa leso yake, akayaweka kando ya mlango, pale mtu wa nyumbani anapoacha malapa yake akiingia ndani kidogo. Phelista akauliza kama anaweza kuyachukua ya kwendea shambani.

"Wacha," mama alisema. "Hizo ziko na mwenyewe."

Akaokota ungo wake. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Enda sasa," alimwambia Peris. "Ukirudi utazipata hapo."

Peris akapanda pikapu miguu mitupu. Yule mama wa video alisema mtu asigeuke nyuma. Peris aligeuka njia nzima, mpaka ua wa michongoma ulipouficha mlango, na malapa yalikuwa bado pale.