Mama Saulo Alikuwa Mpole

Yudith alikamatwa Ijumaa mchana akiwa bado na povu la sabuni mikononi. Simu ya Mama Brayson, mwajiri wake wa Ilomba, ilikuwa haionekani, na asiye wa familia katika nyumba ile alikuwa yeye tu. Polisi alipomwuliza umri alimtazama kwanza mwajiri wake, kisha akajibu kumi na tisa. Ndivyo alivyofundishwa siku aliposhuka kwenye basi akitokea kwao Kilolo: yeyote akikuuliza, sema kumi na tisa. Alikuwa na kumi na tano. Lakini mabega yake yalijengwa na madumu ya maji na magunia ya viazi, na polisi hakuona sababu ya kuuliza tena.

Mahabusu ya wanawake pale kituoni ilikuwa chumba kimoja chenye ndoo pembeni. Walikuwamo wawili. Mmoja aliitwa Rozalia, aliyekamatwa kwa kuuza gongo. Alilala ameelekea ukutani wala hakuitika salamu. Wa pili alisogea, akampa Yudith nafasi juu ya khanga yake.

"Kamwene," alimwambia.

Yudith aliposikia Kihehe, machozi yakamtoka. Mwanamke yule, Mama Saulo, alimfuta kwa kiganja. Alimgawia mkate alioletewa na watu wake. Akamsuka nywele taratibu, huku akimwuliza habari za kwao, na Yudith akamweleza yote: baba yake Liberatus, nyumba yao iliyo juu ya kanisa la Kilutheri, njia inayopita kwenye miti ya paina. Alimweleza hata umri wake wa kweli.

Vidole vya Mama Saulo vikasimama kidogo kichwani mwake, kisha vikaendelea kusuka.

Akamwambia hilo asilitamke mahakamani kamwe. Mtoto akishtakiwa, alisema, hufungiwa kwenye shule ya mbali mpaka awe mtu mzima, na wazazi hawaruhusiwi kumwona. Mtu mzima hudhaminiwa akaenda zake. Jumatatu kijana wake angekuja kuwadhamini wote wawili, na kazi ingekuwepo: kupeleka mzigo mdogo mpakani Tunduma kwa basi, umefungwa kiunoni chini ya nguo. Msichana mwenye sura ya upole kama yake, nani angempekua?

Yudith aliuliza ni mzigo wa nini. Mama Saulo alicheka bila sauti, akamvuta msuko mmoja, siyo kwa nguvu, lakini akaushikilia.

"Binti yangu, kwa baba yako sasa napafahamu. Umenielekeza mwenyewe. Usije ukanifanya nikaenda kumwuliza kwa nini binti yake hana shukrani."

Mama Saulo hakubadilika. Aliendelea kumwita mwanangu, kumfunika baridi ilipozidi, kumpigania nafasi ya kwanza bombani. Upole ule ndio uliomtisha zaidi. Laiti angepigwa, angejua wa kumkimbia.

Jumapili, askari alipomwita Mama Saulo kuonana na mgeni wake, Rozalia aligeuka kutoka ukutani.

"Mwezi wa tatu nilikuwa humu na huyo mama," alinong'ona. "Alikuwepo msichana kama wewe. Alitoka naye. Mama yake ni jirani yangu, mpaka leo anamtafuta. Kama wewe ni mtoto, sema ni mtoto. Watoto wana mahabusu yao. Ila mimi usinitaje."

Akageukia tena ukuta, na mlango ukafunguliwa.

Mahakamani waliketishwa benchi moja. Mkono wa Mama Saulo ulitulia juu ya goti la Yudith mpaka jina lake lilipoitwa. Yudith alisimama. Karani alisoma shtaka, akafika kwenye umri. Hakimu akamwuliza kama ni sahihi.

Akilini Yudith alimwona baba yake akimfungulia mlango mgeni asiyemjua. Aliwaza pia juu ya yule msichana wa mwezi wa tatu, ambaye yeye hakumjua hata jina. Nyuma yake mtu alikohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo.

"Siyo sahihi," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotarajia. "Nina kumi na tano. Naomba nisirudishwe kwenye mahabusu ile."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimwuliza askari kwa nini msichana huyu alilazwa na watu wazima. Askari alijibu kwamba umri aliutaja mwenyewe, na kituo hakina chumba kingine. Hakimu akasema kukosa chumba siyo sababu. Aliagiza aitwe afisa ustawi wa jamii, na shauri lipelekwe Mahakama ya Watoto. Yudith alitolewa kwa mlango wa pembeni. Hakugeuka kumtazama Mama Saulo.

Kwenye mahabusu ya watoto alipewa kitanda katika chumba cha wasichana. Alichagua kilicho mbali na dirisha. Afisa ustawi, Bi Frida, alimwuliza kilichotokea kule ndani. Yudith alieleza kila kitu, isipokuwa jina la Rozalia. Bi Frida alipiga simu kituoni palepale. Mama Saulo alikuwa ameshadhaminiwa.

Liberatus alifika Alhamisi, viatu vyake vina udongo mwekundu wa Kilolo. Alikuwa amekwisha kusikia kwa Bi Frida juu ya mwanamke yule, na kabla ya kuondoka alikuwa amempeleka mke wake na wadogo zake Yudith kwa Mchungaji Filemoni, wasikutwe nyumbani. Yudith alimwuliza kama kuna mtu yeyote aliyefika nyumbani.

"Bado," alisema baba.

Hakumwambia asiogope. Alikaa naye kwenye benchi la uani, bega kwa bega, na kila pikipiki iliyopita barabarani waliisikiliza wote wawili mpaka ilipotokomea.