Hodi Mlangoni Bab Hud

Nawar alikuwa na msimamo mmoja uliowachosha hata ndugu zake: mchezo wa matofali ni wa kompyuta, na wanaoucheza kwenye simu wanajidanganya. Ni mchezo wa kujenga, tofali moja moja, chochote upendacho. Una matoleo mawili, na dunia iliyojengwa katika toleo moja haifunguki katika jingine. Pale Homs, Syria, wachezaji waligawanyika kabisa. Wa kompyuta waliwaita wenzao "vidole gumba". Wa simu wakajibu kwamba wao angalau wanacheza, hawakai wakisubiri umeme urudi.

Umeme wenyewe ulikuwa wa saa mbili kwa siku. Kwa saa hizo mbili mbili, miaka minne, Nawar na wenzake sita waliujenga mtaa wao wa Bab Hud kama ulivyokuwa kabla vita havijaugeuza kifusi. Nyumba yao aliijenga mwenyewe: ua wenye mti wa mdanzi, ngazi saba, jiko la marehemu mama yake. Juu ya kila mlango wa mtaa aliweka kibao chenye jina la familia.

Baba yake, Abu Ghiyath, alikuwa Mersin, Uturuki, akiishi kwa binti yake mwingine, Lubna, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Kompyuta hakuwa nayo. Nawar alimtumia picha, mzee akashukuru, kisha akarudia ombi lile lile: alitaka kutembea mwenyewe, kutoka kwenye tanuri alilooka mikate miaka thelathini mpaka mlangoni kwake, hata kama ni kwa miguu ya kwenye simu.

Binamu yao Rahaf, ambaye vidole gumba wote wa Homs walimsikiliza, alijitolea kuihamisha dunia ile. Ipo programu ya kazi hiyo. Nawar akakataa. Alisema vibao vitafutika na picha za ukutani zitapotea, na hilo lilikuwa kweli. Lakini tusifichane: kilichomkera zaidi ni kuwaza watu arobaini wa Rahaf wakiukanyaga ua wa mama yake. Wakavutana mwaka na nusu.

"Unamtunzia nani hiyo nyumba?" Rahaf alimuuliza siku moja. "Mwenyewe yuko Mersin anakusubiri, wewe unagombania vibao."

Nawar akamnunia mwezi mzima. Halafu Lubna akapiga simu kusema kwamba baba siku hizi analala ameketi, akijinyoosha pumzi zinakatika. Nawar akalitoa faili siku hiyo hiyo, ila kwa sharti lake: yeye mwenyewe hatatia mguu katika toleo la simu. Alikwisha kuapa mbele ya wenzake, na kiburi kikishaapa hakivunji kiapo kirahisi.

Ijumaa baada ya sala, mzee akaingia. Lubna alishika simu ya pili ili Nawar asikie. Jambo la kwanza Abu Ghiyath alilofanya ni kulalamika kwamba tanuri limesogezwa, Nawar akacheka mpaka machozi. Vibao kweli vilitoka vitupu, lakini mzee hakuvihitaji. Alipita mlango kwa mlango akitaja: kwa akina Jandali, kwa akina Rajub, kwa mjane wa fundi viatu.

Kwake akasimama. Kule mwanamume haingii ndani, hata kama nyumba ni yake, bila kupaza sauti ili wanawake wajisitiri. Kila jioni enzi zile alirudi na mikate, akaita, na mke wake akaitikia kutoka jikoni.

"Ya Satir," mzee akaita.

Akaita tena.

"Ingia, baba," Nawar akasema simuni.

"Nakusikia, mwanangu, lakini uko kwenye simu ya Lubna. Humu ndani hakuna mtu."

Lubna akamwambia agonge tu mlango kwa kidole, utafunguka. Akakataa. "Siingii nyumba isiyo na wa kuniitikia. Kwani wewe uko wapi?"

Nawar angemwambia nini? Kwamba yumo nyumba ile ile, ila ya toleo jingine? Aibu ikamshika.

"Kesho utanikuta, baba."

"Haya. Nitarudi kesho."

Jioni ile akaliweka toleo la simu, bila kumwambia mwenzake hata mmoja. Kesho yake tangu saa nne asubuhi alikuwa amesimama uani, pale pale mchezo ulipomtua, chini ya mdanzi, mlango umefungwa, akijizoeza moyoni kuitikia kama mama yake alivyoitikia. Rahaf aliwazuia watu wake wote wasipite njia ile, wala hakumtania.

Saa tisa Lubna akapiga. Baba alikuwa amepelekwa hospitali alfajiri, na adhuhuri haikumkuta. Lubna alilia, akanyamaza, kisha akasema jana, baada ya kuagana, mzee hakuondoka pale mlangoni mara moja. Alimwomba yeye Lubna amwoneshe namna ya kuandika, akahangaika na herufi robo saa nzima.

Nawar akauendea mlango, akaufungua, akatoka njiani, akageuka. Kwenye kibao kile kitupu juu ya mlango, mahali pa jina la familia, palikuwa na maneno:

Nimepita, sikuwakuta. Abu Ghiyath.

Nawar akalia pale pale kizingitini, kwa sauti, mpaka simu ikaisha chaji.