Gari Juu ya Mawe Manne

"Na leo nasema mbele ya ua mzima: likiwashwa tena hilo gari, tutafika kwa mwenye nyumba."

Mama Mashuka alikuwa ameinua shuka jeupe lililotapakaa masizi ya moshi wa gari. Anafulia nyumba ya wageni, na kule shuka lenye doa halipokelewi. Ng'ambo ya kamba ya nguo alisimama Mzee Saa Moja, fundi cherehani aliyestaafu. Jina hilo tulimpa sisi wapangaji. Kila siku saa moja asubuhi hutoka na ufunguo, huliwasha gari la marehemu mkewe, hukaa humo dakika kumi, kisha huzima na kurudi chumbani. Tulisema anaongea na marehemu. Tulisema kaficha kitu chini ya kiti. Kusema tulisema sana, na mimi sikubaki nyuma. Kwenda kumuuliza, hakwenda mtu.

Mzee alijibu kwa upole kwamba gari halijafa, linaumwa tu. Mama Mashuka akacheka, akasema hata maiti huanza kwa kuumwa. Ana mdogo wake, fundi magari. Angemwita siku hiyo hiyo.

"Akisema limekufa, linakwenda kwa wanunua vyuma. Umekubali?"

Mzee aliuzungusha ufunguo kidoleni. Akakubali.

Fundi alifika mchana, na kabla ya kugusa chochote akaamuru dada yake aondoe pasi ya mkaa, maana petroli ilikuwa inanuka mpaka mlangoni. Akafungua plagi: nyeusi kama chungu. Injini ilikuwa inalishwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kumeza. Akafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, akawasha, na mshale ukapanda ukapita mbali alama yake.

Mzee akauliza kama ndiyo basi. Fundi alichomoa kimpira cha hewa cha kile kidude kinachopunguza presha, akakinusa. Kikavu, kwa hiyo kidude hakijapasuka ndani. Akazima, akafungua bomba linalorudisha mafuta tangini, akaunga mpira mpaka ndani ya dumu, akawasha tena. Mshale ukashuka wenyewe, ukatulia mahali pake.

"Mafuta yanakuja vizuri," alisema. "Hayana pa kurudi."

Akaingia uvunguni. Gari lilikuwa juu ya mawe manne, na jiwe moja lilikuwa limelibana bomba lile likawa bapa kama utepe. Akauliza nani kaliweka.

"Mimi," alisema mzee. "Mwezi uliopita. Matairi yalikuwa yanalala, nikayaonea huruma."

Fundi akakata kile kipande, akaunga mpira wa mafuta, akakaza vibano, akaliteremsha gari chini, akayajaza matairi upepo. Likawaka bila moshi. Mama Mashuka aliliangalia bomba la moshi muda mrefu, shuka bado mkononi, kama anayengoja limsaidie kushinda. Halikumsaidia.

"Sasa mzee, liendeshe," alisema fundi. "Gari la kusimama tu litakusumbua tena."

"Sijui kuendesha. Alikuwa anaendesha yeye."

Miaka miwili ya umbea, na hilo hatukulijua. Mama Mashuka ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, sasa asubuhi huwa anafanya nini humo ndani.

"Nakaa upande wangu. Yeye alikuwa anapenda injini ipate moto kwanza, ndipo anipeleke kazini. Basi nangoja ipate moto."

Fundi akafuta mikono, akaketi kwenye usukani. Mzee akazunguka, akaingia upande wa abiria, akafunga mlango taratibu. Wakatoka getini. Walizunguka mtaa mara moja tu, wakarudi. Fundi alishuka, mzee alibaki, mikono magotini, akitazama mbele.

Mama Mashuka alilitupa shuka kwenye beseni, akaenda akainama dirishani.

"Zima gari, mzee wangu," alisema. "Nimeshapakua, na sahani yako ipo. Karibu ndani tule."