Mgongo wa Mzee Odero

Baba alikuwa ameshakaa mgongoni mwa Mzee Odero nilipofungua mdomo kumwambia yule mtu ni nani.

Kama ningeweza kurudishiwa nusu dakika moja tu ya maisha yangu, ningeomba hiyo. Maji ya Ziwa Naivasha yalikuwa yamerudi nyuma mwaka ule wa 2006, na kati ya nyasi na boti palikuwa na tope jeusi la hatua thelathini hivi. Wageni hawakulikanyaga. Mwenye boti aliinama, akaweka mikono nyuma, mgeni akapanda, wakaenda. Baba, aliyekuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa sababu hakuwa na vingine vya safari, alilitazama tope, akautazama ule mgongo ulioinama, akacheka.

"Twende, kapteni. Na usiniangushe, hii suruali ni ya Jumapili."

Nikabaki nyasini. Utamwambiaje baba yako, wakati huo, kwamba huyo anayembeba ni baba wa msichana unayetaka kumwoa?

Emmah Odero alikuwa akifanya kazi katika duka la uchapishaji River Road, Nairobi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa nikiuza rangi na misumari. Tulijuana nilipotumwa kwao kuagiza vitabu vya risiti. Alinionyesha makosa matatu katika karatasi moja niliyoiandika mwenyewe, akacheka mpaka nikaona raha kukosea. Baada ya miaka miwili ya chai na mandazi ya saa nne, tulikubaliana kuoana. Kilichobaki ni wazee.

Baba yake alitoka Ugenya, kwa Wajaluo upande wa Siaya, ujana wake, akafanya kazi katika mashamba ya maua Naivasha, kisha akaachana na maua akawa anawapeleka wageni kuvua bass, yule samaki mwenye mdomo mkubwa ambaye watu humvua kwa mchezo kuliko kwa njaa. Baba yangu, Mzee Gichuru, alikuwa na nyumba sita za kupangisha nyuma ya nyumba yetu pale Uthiru, kando ya Nairobi, kati ya Wakikuyu wenzetu, na hakuwa amewahi kuonja samaki. Mama, Wamucii, hakutaka hata harufu yake jikoni. Lakini uvuvi wenyewe baba aliupenda, au tuseme alipenda kuutazama. Zamani alikuwa dereva wa meneja mmoja wa shamba la chai upande wa Limuru. Kila Jumapili alimpeleka bwawani, akakaa juu ya boneti saa nne nzima akimwangalia akirusha mshipi. Hakupewa nafasi ya kujaribu hata siku moja. Hilo tulisimuliwa kila Krismasi, na kila Krismasi lilimuuma upya.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nyumbani sikuwa nimetamka jina la Emmah. Nilikuwa nimemsikia baba, mara moja tu, miaka kumi nyuma, akisema juu ya binti wa jirani aliyeolewa upande wa Siaya: "Huyo amepotea." Maneno mawili. Nikayashika, nikajenga juu yake ghorofa nzima ya hofu. Nikawaza, wacha nimpeleke ziwani akavue. Wacha wazee wakutane wakiwa na raha, wapendane kwanza. Mengine yatakuja yenyewe.

"Utamtambulisha lini?" Emmah aliniuliza.

"Tukishuka tu kwa gari."

"Kabla ya boti?"

"Kabla ya boti, Emmah."

Alimpigia baba yake akamwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo Mzee Odero alikuwa akitungoja asubuhi ile akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na saa ya mkono, mtu wa kwenda kuvua samaki. Tuliposimamisha gari alivua kofia. Alinitazama mimi kwanza, akasubiri. Mimi nikajifanya natafuta chupa ya chai kwenye kiti cha nyuma. Nilipoinua kichwa baba alikuwa ameshafika kwenye tope, na Mzee Odero, ambaye kazi yake ilikuwa kuwavusha watu, alikuwa ameinama.

Nikavuka mwenyewe, viatu mkononi.

Alizima injini karibu na miti iliyokufa ndani ya maji. Bass hapendi maji wazi, alituambia. Hukaa kwenye mashina na chini ya mafunjo akingoja kitu kipite. Alitunga kwenye ndoana mnyoo wa plastiki, akampa baba ile fimbo, kisha akasimama nyuma yake na kumshika kifundo cha mkono.

"Usitumie bega, mzee. Mkono tu. Hapo. Sasa vuta kidogo, wacha. Vuta kidogo, wacha. Afikirie hii kitu ni mgonjwa."

"Kwa hivyo tunamdanganya."

"Tunamdanganya kabisa."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa karibu umri mmoja, na kicheko chao kilifanana, cha kutoka tumboni. Nilijua pale pale kwamba wamependana. Nilichokitaka nilikipata kabla ya saa tatu asubuhi, na hakuna kitu kingine nilichohitaji kufanya ila kufungua mdomo.

Kisha mshipi ukakazika. Bass akaruka nje ya maji akitingisha kichwa, na baba akapiga ukelele kwa Kikuyu ambao sikuwa nimeusikia tangu nizaliwe.

"Usimvute! Mwache achoke!" Mzee Odero alikuwa amemshika mshipi wa suruali ili asitumbukie. "Mwache aende. Atarudi. Sasa lete, lete pole pole!"

Alipomtoa, samaki alikuwa na urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Baba akamshika kwa mikono miwili, akamtazama, akatikisa kichwa. Nadhani alikuwa akimwona meneja wake amekaa juu ya boneti.

Tukanywa chai. Boti ilikuwa ikiyumba kidogo kidogo kando ya mafunjo. Mzee Odero akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu wako ameoa?"

"Wapi! Huyu bado anaangalia tu."

"Na huyo anaangaliwa, anajua anaangaliwa?"

Baba alifurahi sana. "Muulize yeye!"

Mzee Odero akageuka akaniuliza kwa macho. Alinifungulia mlango, nami nikasema, "Tutaona," nikanywa chai iliyokuwa bado inachoma.

Hakukata tamaa. Alisafisha ndoana kwa kidole gumba, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mimi niko na msichana Nairobi. Anafanya kazi River Road."

"River Road!" Baba akanigeukia. "Kuria, si ni hapo kwako? Unamjua?"

Mpaka leo sijui ni nani aliyejibu. Sauti ilikuwa yangu. Ilisema, "River Road ni kubwa, baba. Watu ni wengi."

Mzee Odero akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akavuta kamba ya injini. Tulivua mpaka saa sita, baba akapata samaki wengine wawili, na yule mzee akaendelea kumfundisha kwa uvumilivu ule ule, ila mimi hakunitazama tena.

Tuliporudi ufukoni aliinama mara ya pili. Ningeweza kumzuia. Ningeweza kusema, baba, tuvue viatu, tutembee wote watatu. Badala yake nilitazama viatu vya baba vikining'inia kando ya lile shati jeupe, vikiacha alama nyeusi kulia na kushoto.

Tulipofika nchi kavu, alimfunga yule samaki mkubwa katika gazeti na kumpa baba kwa mikono miwili.

"Ya nyumbani, mzee. Ya mama."

"Ai, kapteni! Mama atatufukuza mimi na huyu samaki wako. Kaa naye. Kula na watu wako."

Alisema kwa nia njema. Hakujua anakataa nini. Mzee Odero akampokea samaki, akatabasamu, akamsindikiza mpaka kwenye gari na kumfungia mlango. Nilipozunguka kwenda upande wa dereva alikuwa amesimama pale.

"Nimekungojea tangu asubuhi, Kuria," alisema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Njiani baba alisimulia samaki wake kutoka Naivasha mpaka Uthiru, bila kupumzika. Jumatatu, saa nne, Emmah hakushuka kunywa chai. Nilipanda juu. Alikuwa akikata karatasi, na hakuiacha ile mashine.

"Baba amesema mlifika salama. Kingine hakusema. Ilibidi nimuulize mama kuhusu shati."

Nikaanza kueleza: baba alikuwa ameshapanda, wakati haukuwa mzuri, nitamwambia mwisho wa mwezi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hukumwogopa baba yako," alisema. "Ulimwonea aibu wangu."

Nilikana. Nilikana siku nyingi, kwake na kwangu mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepata kazi Kisumu, na nikaanza kunywa chai peke yangu nyuma ya makopo ya rangi.

Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, wakati watu walipokuwa wakifukuzana kwa makabila yao na habari za Naivasha zikawa zinasomwa kila saa, baba alikuwa amekaa sebuleni karibu na redio. Ghafla akapunguza sauti.

"Yule kapteni wetu. Si ni Mjaluo?"

"Ndiyo."

"Mpigie simu. Mwambie aje hapa na watu wake. Nyumba namba nne iko tupu."

"Hapa Uthiru, baba?"

"Nani atamgusa kwa boma yangu? Piga simu."

Nikamwambia sina namba yake. Akasema niitafute kwa mtu aliyenielekeza kwake mwaka ule. Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia yote, nimesimama, jina la Emmah, na ghorofa ya pili, na ahadi ya kabla ya boti. Baba alivua miwani, akaishika mkononi muda mrefu.

"Uliacha baba ya msichana anibebe mgongoni," alisema. "Mara mbili."

"Niliogopa ungekataa."

"Ulinisikia wapi nikikataa?"

Nikamkumbusha binti wa jirani. Ilimchukua muda hata kumkumbuka.

"Yule aliondoka bila kumuaga mama yake," alisema. "Hiyo ndiyo nilisema amepotea. Angeolewa hata hapo jirani Mountain View bila kuaga, ningesema vile vile." Akaivaa miwani tena. "Wewe ulinitengeneza mtu mbaya, Kuria, ukakaa naye miaka yote hiyo, na mimi niko hapa."

Nilimpigia Emmah. Alinipa namba ya baba yake, tarakimu baada ya tarakimu, akakata. Baba akatoka nje na simu, akawa anazunguka kando ya tangi la maji. Nilisikia mwanzo tu.

"Mzee mwenzangu, mimi ni yule ulibeba."

Kisha akacheka kidogo. Kisha nikaona anapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Mzee Odero hakuja Uthiru. Alikuwa tayari kwenye lori na mkewe, wakielekea magharibi, na boti ameiacha majini.

Tangu siku ile wakawa wanapigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa. Walizungumza juu ya presha, mvua, na jinsi bass anavyoweza kumdanganya mtu anayedhani ndiye anayedanganya. Mimi nilimwandikia Emmah mara nyingi. Alijibu mara moja: "Ulikuwa na siku nzima." Aliolewa mwaka huo huo, Kisumu. Wazazi wangu walialikwa, wakaenda, baba na viatu vyake vilevile. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Mama alirudi akisema samaki si mbaya akikaangwa vizuri.

Baba alifariki Septemba 2009, ghafla, akifungua bomba la maji la wapangaji. Siku ya mazishi uwanja wetu ulijaa. Binamu yangu Norman ndiye aliyeshika kipaza sauti, akiwaita wageni waliotoka mbali. Mzee Odero alikuwa amekaa safu ya tatu, amechoka na safari ya usiku kucha, kofia magotini. Nilikuwa nimemwona tangu asubuhi, na tangu asubuhi nilikuwa nikipanga maneno. Niliyapanga vizuri sana. Nilitaka kusema kila kitu, mbele ya watu wote, jina lake na lile tope na mimi nilivyokuwa.

"Na yule mzee wetu pale," Norman akasema, "nani wa familia atamtambulisha?"

Nikasimama. Nikafunga vifungo vya koti.

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono tu, akanigusa goti. "Kaa, Kuria. Baba Emmah tunamjua sisi wote."

Ilikuwa kweli. Dada zangu walikuwa wameshamsogezea kipaza sauti. Shangazi mmoja alikuwa akimuuliza habari za mjukuu. Nikakaa.

"Mimi naitwa Odero," alisema. "Mimi na marehemu tulivua samaki pamoja, siku moja tu. Hizo zingine zote zilikuwa za simu."

"Karibu," watu wakaitikia.

Nami nikaitikia pamoja nao.