Dola Isiyo na Maneno Ukingoni

Mungu akupe mke wa kila namna, ila asikupe mwenye huruma na funguo za kabati lako. Ndivyo alivyonung'unika Verlin Stoltz Jumamosi ile asubuhi, jikoni kwake Ohio, kitabu cha sarafu mkononi.

Kitabu chenyewe kina matundu, kila sarafu ya dola yenye sura ya rais na tundu lake. Sasa dola hizi mwaka na maneno yake havipo usoni, vipo ukingoni, na ukishaitumbukiza tunduni huvioni tena. Verlin alikuwa na Washington mmoja ambaye mashine ilisahau kumwandika ukingo. Kosa hilo ni adimu; alimsaka miaka tisa, akifungua mafungu ya sarafu ya benki moja moja. Saa nne leo ampeleke kwenye chama cha wakusanya sarafu, amzibe mdomo Orrin, mwanachama mwenzake anayemwita mwongo mbele ya watu kwamba hana dola kama hiyo. Akamchomoa amtazame. Lahaula! Ukingo umejaa maneno.

"Arlette! Nani kagusa humu?"

"Mie," mkewe akajibu huku anageuza mayai. "Tansy aling'oka jino juzi, na kichimbakazi wa meno, yule anayenunua meno ya watoto usiku, hakuwa na dola ya rangi ya dhahabu ya kumwekea chini ya mto. Nikachukua moja, jana nikarudisha nyingine ya benki. Washington kwa Washington, kelele za nini?"

"Za nini? Mama wee, umeniua!"

"Mbona bado unasema?"

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wa Verlin alikuwa na miaka saba na pengo. Tansy aliingia mbio, ngumi kaifumba. Na nani aliyemfundisha kutazama ukingo kwanza? Babu huyu huyu, na domo lake.

"Babu, kichimbakazi katapeliwa! Kapewa dola mbovu, haina maneno pembeni. Lakini usijali, nimeitengeneza."

Verlin aliipokea, akaigeuza. Ukingo mzima ulikuwa umekwanguliwa kwa msumari, herufi zimekwenda upogo: BABU WA TANSY.

Miaka tisa!

"Sasa ni nzima, babu?"

"Nzima," akasema, na neno lilimuuma kweli kweli.

Saa nne chamani, Orrin hakusubiri hata akae. "Haya, mwongo, iko wapi?"

Verlin alitia mkono mfukoni, akazipapasa zile herufi kwa kidole, akasema hana.