Kona ya Ramani ya Mgiriki

…na akikiinua kiganja kidogo tu, upepo huu utaibeba ramani mpaka Chanzuru, kwa hiyo Anastazia anaikandamiza kona yake kwenye boneti la gari la halmashauri, boneti lenyewe bado la moto, mkono unamuungua lakini anavumilia, maana Doris wa ofisi ya ardhi kamwambia mama nishikie hapo, usiachie, karatasi hii ni mkubwa wetu sote hapa, na ni Doris huyohuyo aliyemuuliza sasa hivi mbele ya watu, kalamu mkononi, haya mama, shamba la marehemu baba yako lilikuwa linaishia wapi, kule kwenye mfereji au hapa kwenye minyaa ya mzee Shigela, swali ndilo hilo, fupi, na jibu lake Anastazia analo tangu mwaka Brayan wake alipoanza darasa la kwanza, na leo Brayan ana ndevu na anaendesha bodaboda Mikumi, miaka yote hiyo amelilea jibu hilo, amelala nalo, ameamka nalo, amelipalilia kuliko mahindi, kwenye mfereji, atasema, kwenye mfereji, huyu mzee alikuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akamega kipande alichojitengea baba yangu, bado pori, baada ya Mgiriki mwenye mkonge kuondoka, akakizungushia minyaa, andika hivyo, na wanakijiji wote wasikie, kwa kuwa shamba la mkonge limeshafutiwa hati na kitakachoandikwa leo ndicho kitakachokaa mpaka kwa wajukuu… mbona basi halitoki, jibu liko mdomoni kabisa, ni macho tu yamemponza, yameteleza yakaangukia kwenye karatasi, na karatasi ni nzuri, tuseme ukweli, wino wa kahawia, mistari imechorwa kwa mkono na mtu asiye na haraka, Mgiriki amechora nyumba yake na baraza na ngazi za baraza, amechora reli ya Kilosa, amechora kisima, amechora banda la mbwa, na banda la mbwa lina mlango, jamani! lakini kambi za vibarua ni visanduku tu, moja, mbili, tatu, na hapo kwenye tatu ndipo alipoishi babu Anselmi, aliyeshuka kwenye treni ya kutoka Kigoma akidhani amekuja kukata mkonge msimu mmoja, akakata mpaka akafa, wakamzika hukohuko kambini, kisha kambi ikavunjwa, pori likaota, na baba yake Anastazia akamaliza ujana wake akifyeka na panga humu akilitafuta kaburi la mzazi wake, hakuliona, na siku ya kufa neno lake la mwisho halikuwa la mke wala la shamba, lilikuwa mtafuteni mzee, basi, na wao kila Novemba, mwezi wa marehemu, wanasali rozari uani wameelekea upande wa mkonge kwa kukisia tu… na ashukuriwe Hussein wa Mikumi, mjukuu wa karani wa Mgiriki, aliyekuwa ameitundika ramani hii mapokezi kwenye gesti yake, watalii wa mbugani wanaitaka kwa bei yoyote anakataa, lakini Brayan alipomwambia kwamba kijijini kwetu kuna upimaji akaishusha ukutani mwenyewe, akaiviringisha ndani ya bomba la maji, akasema kawapimieni watu, mtanirudishia, wapo bado watu wa namna hiyo, wapo.

Mama, unanisikia, anasema Doris, na hakuwa akimsikia, Doris amekuwa akisoma muda wote huu, kidole kinafuata mwandiko wa Mgiriki, ngoja kwanza, hii misalaba midogo hapa kando ya mfereji nilidhani ni mikonge, kumbe ameandika ubavuni, ma… makaburi, makaburi ya kambi tatu, na anaangalia kidude chake cha kupimia, anaitazama minyaa, anarudi kwenye karatasi, halafu anamgeukia mzee Shigela, anasema taratibu, “Mzee wangu, haya makaburi yote yamo ndani ya ua wako. Umeyazungushia sawasawa kama mtu aliyekuwa na ramani. Ulijuaje?” na Anastazia anaikandamiza kona zaidi, makaburi, ya kambi tatu, hapa, hapa anapopita kila siku na jembe begani akisonya upande ule… “Sikujua, mwanangu,” anasema mzee Shigela, kofia ameivua ameishika kifuani, “tulipofika hapa palikuwa pori tupu, nikakuta vichuguu vidogo vimepangana, nikasema navilima hivi, Limi, huyu mke wangu, akanishika mkono, akaniambia mchwa hawajengi kwa mstari, hawa ni watu, sasa na mimi nina ng'ombe, ng'ombe hajui mtu aliyelala, ndiyo nikapanda minyaa,” na Limi, ambaye huyo hapo nyuma yake amejifunga kanga ya njano, anatikisa kichwa kukubali, Limi ambaye Anastazia alimwona zaidi ya mara moja ndani ya ua ule akifagia, anafagia ardhi isiyo na nyumba, akajisemea moyoni, haya, wanasafisha kiwanja cha kumjengea mtoto wao, kumbe alikuwa anamfagilia babu, mwanamke wa watu, wa Shinyanga, hamjui Anselmi wala hajui kama alikuwa na jina, anainama na fagio lake anamfagilia… “Sasa mzee, mbona hukutuambia?” anauliza Cosmas, mwenyekiti wa kijiji, na mzee anaigeuzageuza kofia, “Nimwambie nani, mwenyekiti, nilijua ni wa nani? Huyu mama ndiye jirani ningemuuliza,” anasita, hataki kusema, anasema, “lakini sisi na yeye hatujawahi kuzungumza.”

Hatujawahi kuzungumza, amesema kwa upole, hata hakulaumu, afadhali angelaumu, maana ni kweli, ni kweli tupu, mtu mzima wa rika la baba yake na yeye hajampa shikamoo hata siku moja tangu minyaa ile iote, akimwona njiani anajitia kutafuta kitu kwenye mkoba, akimkuta peke yake anasema habari zenu, zenu na nani, na ng'ombe? na leo hiihii asubuhi watu wanapeana mikono kulizunguka gari, alipomfikia akainama kurekebisha kamba ya kiatu ambacho hakina kamba, akadhani amemkomoa, kumbe amejikomoa mwenyewe, shikamoo moja tu, mzee angeitikia, wangeulizana ya shamba, angesema mama, kuna vichuguu pale vimenitatiza, na Novemba zote hizo wangesali hapa, miguuni pa babu… lakini hapana, leo hatalia kwa hasira, leo ni ahsante, ahsante Limi, ahsante kwa mkono uliomzuia mumeo, ahsante mzee kwa minyaa hii niliyoitukana mpaka ikachanua, ahsante hata kwa Mgiriki, Mungu amrehemu, hakuandika jina la mtu hata mmoja lakini aliwachora, alikaa na kalamu yake akawachora mmoja mmoja, baba, umesikia, amepatikana, mzee wako amepatikana, alikuwa na watu wa kumtunza… “Mama,” anasema Doris, “nisamehe, jua linatuunguza, niandike mfereji au minyaa?” na upepo ni uleule, kona inapapatika chini ya kiganja kilekile, boneti halijapoa, ni minyaa, bila shaka ni minyaa, iandikwe minyaa kwa wino usiofutika, atasema, atalisema sasa hivi, lakini kuna lililotangulia, lililokaa foleni muda mrefu zaidi, na bila kuiachia kona Anastazia anageuka, anapiga goti kidogo, kiasi karatasi inavyomruhusu.

“Shikamoo, baba.”

Mzee Shigela anaitazama kofia yake, kisha anamtazama yeye.

“Marahaba, mwanangu. Marahaba sana.”