Upande wa Nje wa Hedifoni

Mimi ni mtu wa kupima. Miaka thelathini na nane nimepima mashamba ya watu wa Celle, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, na vitongoji vyake, na nilipostaafu nikaanza kupima sauti, maana siwezi kukaa bure. Kwa hiyo nilipomtaka Eckhard Thölke afanye mtihani wa kufungwa macho mbele ya chama kizima, nilijiambia kwamba natafuta haki. Uongo mtupu. Nilikuwa nautaka ukurasa wake.

Chama chetu ni cha watu kumi na wanne tunaopenda hedifoni za mgongo wazi, zile ambazo upande wa nje hazikuzibwa, zina wavu tu, na muziki unapita kama hewa ya dirishani. Asiyewahi kuzivaa ataniona nimechanganyikiwa. Hedifoni zilizozibwa zinakuimbia ndani ya fuvu. Hizi zinaukalisha muziki chumbani: fidla kule, piano hapa, na mpiga ngoma nyuma yao unamsikia akivuta pumzi kabla hajapiga. Nina miaka sitini na tisa na bado mwili hunisisimka.

Kila Januari tunachapa jarida letu dogo, na ukurasa wa katikati ni wa Eckhard. Hapo ndipo anapoeleza hedifoni ipi inamfaa nani, mpenda magitaa mazito achukue ipi, mpenda kwaya achukue ipi. Watu wanatoka hadi Bremen kuja kumuuliza. Miaka arobaini alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, na alipoacha kazi, ukurasa ule ndio uliobaki wa kumwambia yeye ni nani. Nililijua hilo vizuri, na bado niliutaka.

Mwezi wa tisa, kwenye mkutano wetu, nilikuwa nakijaribu kipimo changu kwa mlio mwembamba, wa juu kabisa, unaochoma kama sindano. Wote wakakunja nyuso. Wiebke Meinen, muuguzi wa hospitali anayependa magitaa ya kelele kuliko wali na nyama, akaziba masikio akanitukana waziwazi. Eckhard akaendelea kula keki yake. Hakugeuka hata kidogo, nami nikajua masikio yake yamekwisha.

“Eckhard, mwaka huu tufunge macho,” nilimwambia palepale. “Hedifoni tano, huoni hata moja. Ukizitaja zote, ukurasa ni wako mpaka ufe. Ukikosea, tunaupigia kura.”

Akaweka uma chini. “Umeanza lini kuniogopa, Harro?”

“Nani akuogope? Mimi napima tu.”

“Haya bwana. Pima.”

Lakini kahawa yake hakuimaliza.

Tukakutana Jumapili moja ya Novemba, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa zimamoto. Roswitha, mke wa Eckhard, alikuwa amekwisha kukata keki ya zambarau, kama alivyoikata miaka ishirini na miwili. Yeye si mwanachama. Huja, hukata keki, kisha hukaa pembeni ya mumewe akifuma soksi. Siku hiyo aliweka sindano zake mfukoni, akageuza kiti akatupa mgongo.

“Nisije nikaambiwa nimempigia jicho,” alisema, akamshika Eckhard mkono.

Nilijiandaa kama mwendawazimu. Hedifoni nilizificha nyuma ya shuka. Sauti zote nilizilinganisha kwa kipimo, maana ile inayopiga kwa nguvu zaidi kila mara huonekana bora, na huo ndio ujinga wa kwanza katika mchezo huu. Waya zilikuwa za aina moja. Hata vile vitambaa laini vya masikioni nilivifanya vyote viwe sawa, asije akazitambua kwa ngozi. Eckhard nikamfunga macho kwa skafu yangu mwenyewe, na Wiebke ndiye aliyekuwa akimvisha.

Ya kwanza ikapigwa wimbo wa okestra. Eckhard alisikiliza kama dakika mbili.

“Hii ni Sindano,” akasema, maana hedifoni zetu tumezipa majina ya utani. “Nzuri kwa gitaa moja na mtu mmoja anayeimba. Ukiwekea tarumbeta humu utatoka damu.”

Watu wakacheka. Ilikuwa Sindano kweli.

Ya pili akasema ni Mhunzi, ya watu wa ngoma na magitaa, kazi ya Wiebke hiyo. Kweli. Ya tatu akasema ni Kanisa, pana kiasi kwamba kwaya inapata nafasi ya kutembea, ila mwimbaji wa peke yake anaonekana mdogo, amepotea. Kweli tena. Nikasahau hata kuudhika. Nilikuwa nimeuona mlio wangu ukimpita mzee huyu kama si kitu, na sasa nilikuwa namwona akifanya jambo ambalo mimi, kwa masikio yangu mazima, nisingeliweza.

Hedifoni ya nne ilipoanza, macho yangu yakateremka kwenye mikono yao. Kidole gumba cha Roswitha kilikuwa kinatembea juu ya mkono wa mumewe. Kikagonga mara nne, kikatulia.

“Blanketi,” akasema Eckhard.

“Ngoja!” Nilisimama hadi kiti kikaanguka. “Anamwambia! Roswitha anamwambia kwa kidole!”

Eckhard akavua hedifoni, akavua na skafu, akaikunja vizuri kabla ya kunirudishia. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiwa uchi namna ile.

“Ni kweli,” alisema. “Kila hedifoni tumeipa idadi yake ya kugonga. Mwaka wa tatu sasa sisikii za juu. Fidla ikipanda, inafika mahali inazimika. Naona mkono wa mpigaji unakwenda tu. Ukurasa chukua, Harro. Na mimi sitawasumbua tena kuja hapa.”

Akanyanyuka kutafuta koti. Nilikuwa nimeshinda, na nilijisikia kama mwizi.

“Subiri kwanza, mzee,” Wiebke alisema. “Subirini wote. Mama Roswitha, wewe umejuaje?”

“Nimejuaje nini?”

“Ni hedifoni ipi. Ulitupa mgongo. Hukuvaa kitu. Hukuona kitu.”

Roswitha akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. “Si zinasikika? Miaka thelathini na moja nakaa pembeni ya huyu bwana sebuleni. Yeye yuko ndani anakula, mimi niko nje nanusa. Kila moja ina harufu yake.”

Hapo ndipo lilipotushukia. Tulificha kila kitu machoni. Tulipima waya, tukapima sauti, tukabishana miaka na miaka juu ya kile kinachoingia sikioni. Kila mmoja wetu anajua kwamba hedifoni ya mgongo wazi inasema nje kama inavyosema ndani, ndiyo maana wake zetu na waume zetu wanatufukuza chumbani. Na watu kumi na wanne hatukuwahi kufikiria kwamba huko nje kuna mtu anasikiliza.

Sikuamini. Tabia yangu hiyo. Nikamwomba akae hatua mbili mbali, mgongo kwetu, nikavaa mwenyewe.

“Hiyo bado ni Blanketi,” alisema. “Unawaonea bure wapiga fidla, umewafunika wote.”

Nikabadilisha.

“Kanisa.”

Nikajifanya nabadilisha, nikaivaa ileile.

“Kanisa tena. Usinifanye mtoto, Harro.”

Wiebke akaanza kucheka huku machozi yanamlenga. Nikafanya jambo la mwisho nililoweza kulifikiria: nikachukua Bibi, ile ya kijivu iliyo nzee kuliko zote, nikaivaa kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia.

Roswitha alichelewa kidogo. Nikaanza kupumua.

“Ni Bibi,” alisema. “Lakini umemgeuza. Besi sasa ziko upande wa dirisha. Muda wote zilikuwa upande wa mlango.”

Nilikaa chini. Nimeona mengi yaliyopimwa vizuri maishani mwangu, lakini sikuwahi kusimama mbele ya kitu kama kile. Mwanamke aliyekuwa akitukatia keki, kwa makombo ya sauti yaliyodondoka nje ya wavu, alikuwa amejenga okestra nzima na kujua kila mtu amekaa wapi.

“Ule ukurasa wa mwaka jana,” nilimuuliza Eckhard, “na wa mwaka juzi?”

“Wake,” alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti. “Mimi niliandika tu.”

Ukurasa wa mwaka jana ndio ulionifanya ninunue Kanisa. Niliusifu mbele ya watu. Nilisema ni bora kuliko yote aliyowahi kuandika.

“Vua koti, Eckhard,” nilisema. “Ukurasa ni wenu wawili. Atakayetaka kura aanze na mimi.”

Wiebke hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Roswitha. “Mama, wewe mwenyewe umewahi kuivaa hata moja?”

“Mimi? Nani aliwahi kunipa?”

Tuliangalia sakafu, watu wazima kumi na wanne. Kisha mimi, kwa mikono yangu, nikamvisha Kanisa, nikamtafutia ule wimbo wa polepole ambao fidla moja inaiacha okestra yote chini na kupanda peke yake.

Mwanzoni hakufanya kitu. Halafu mikono yake ikainuka kutoka mapajani, ikabaki hewani, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoipita maisha yake yote. “Kumbe pana nafasi humu,” alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo waliovaa hedifoni. “Kumbe wako mbali hivi!” Machozi yakamteremka na hakuyafuta.

Eckhard akaja, koti linaburuta. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, kiti cha Roswitha, akasogeza sikio hadi likakaribia wavu. Akasubiri. Nikaona uso wake unavyotafuta na kukosa.

“Rosi,” alisema, “imefika wapi? Mimi huku sipati kitu.”

Nilidhani Roswitha hakumsikia. Lakini zinapita huku na huku, hedifoni hizi. Akamshika mkono na kuanza kuimba kwa midomo iliyofungwa. Aliichukua ile fidla kule juu ilikokuwa na kuiteremsha hadi kwenye sauti yake nzito ya chini. Noti kwa noti aliifuata, bila kuchelewa, bila kukosa hata moja, mahali ambapo masikio ya mumewe yalikuwa bado yanafika.

Eckhard alifumba macho.

“Hapo,” alisema. “Hapo nasikia. Rosi, usiache.”